Mkwe Wangu Ana Spika ya Kushoto

Kwako Shangazi Rispa,

Salamu kutoka Kitale. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa yule anayeandika badala ya yule anayecheka, lakini mambo yamenifika shingoni na hapa nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza, kwa hivyo naomba wewe unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Jina langu ni Kimotho, nina duka la vyakula na dawa za mifugo mjini, na nyumba yangu iko nje kidogo, barabara ya kwenda Endebess. Silewi, sichezi kamari, na mke wangu Waithera hajawahi kunitafuta kwa mtu. Ugonjwa wangu ni mmoja tu, spika za zamani, zile kubwa za mbao zinazosimama chini kama kabati, si hivi vimikebe vya siku hizi vinavyolia kama nzi ndani ya chupa. Ugonjwa huu niliupata nikiwa kijana nikipeleka maziwa kwa marehemu Mahesh, aliyekuwa na duka la vitambaa hapa mjini, maana sebuleni kwake kulikuwa na spika mbili za namna hiyo na kila asubuhi alikuwa akipiga santuri, basi mimi nilikuwa nasimama dirishani na mkebe wangu mpaka wateja wengine wakalalamika kwamba maziwa yao yanafika yakiwa yamelala.

Mwaka jana nikasikia kwamba mjane wake, Mama Kaushalya, anahamia Nairobi kwa watoto wake na anauza vitu vya nyumba. Nilimwacha mteja dukani ameshika dawa ya kupe mkononi nikakimbia. Nilipofika nikakuta spika moja. Mama Kaushalya akanieleza kwamba nyingine imechukuliwa na mzee mmoja wa Bokoli, kule Bungoma, anayeitwa Jairus Wekoye, ambaye alikuja na pikipiki na pikipiki haikuweza kubeba zote mbili, kwa hivyo akabeba ya kushoto akasema atarudi kwa ya kulia, lakini mvua ikaanza kunyesha na mpaka hapo alikuwa hajaonekana. Nikauliza kama ameilipia. Akasema hapana, amesema tu atarudi. Nikaona mtu aliyesema tu bado hajanunua kitu, nikalipa nikaanza kuita mkokoteni. Mama wa watu akaniangalia akasema, "Bwana Kimotho, hii ni jozi. Moja peke yake utafanyia nini?" Nikamwambia nitajua nikifika nyumbani.

Shangazi, ungeiona hiyo spika ungelia. Panya walikuwa wamezaa ndani wakahama wakaacha kiota, na ule mviringo wa sponji unaoshika koni inayotoa sauti ulikuwa umeoza kiasi kwamba ukiugusa unabaki kidoleni kama makombo ya keki. Niliagiza mviringo mpya Nairobi, nikakwangua gundi ya zamani kwa wembe polepole, nikaweka gundi mpya, nikaunganisha tena nyaya zilizokatika, nikasugua mbao kwa msasa laini na mafuta mpaka nikaweza kuona uso wangu. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimeliwa na mende, na kwa sababu sikupata kingine kinachofanana nacho, nilikata kipande cha pazia jipya la Waithera, upande wa nyuma ya kochi ambapo nilidhani hakuna mtu angeona. Aliona. Hilo tulilizungumza likaisha, ingawa tangu siku hiyo pazia halikunjwi hata mchana, ili wageni waone tundu.

Siku ya kuiwasha niliketi peke yangu mbele yake. Sauti ilitoka tamu sana, Shangazi, lakini ilitoka nusu. Santuri za zamani zilirekodiwa hivyo, mwimbaji upande mmoja na magitaa upande wa pili, kwa hivyo kwangu mimi mwimbaji alikuwa anaimba peke yake kama mtu anayeoga. Fundi mmoja wa mjini aliniambia kuna namna ya kuunganisha pande zote ziingie kwenye spika moja, lakini mimi kwa maoni yangu huo ni uwongo, ni kama kumweka mume na mke kwenye kiti kimoja ili upige picha ndogo. Nikajua hapo kwamba bila ile ya Bokoli mimi sina kitu. Nikatafuta namba ya Jairus.

Kumbe na yeye alikuwa ananitafuta. Alikuwa ametengeneza yake, na kwake magitaa yanalia siku nzima bila mwimbaji. Aliniambia spika yangu ni yake kwa sababu alisema atarudi, nikamwambia yake ni yangu kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuitunza, na hakuna aliyekubali kuuza. Sote tulikuwa na santuri moja inayofanana, basi tukajaribu kuiwasha pamoja kila mtu kwake, simu zimewekwa sauti kubwa mbele ya spika, ili mwimbaji wangu akutane na magitaa yake. Magitaa yalikuwa yanafika yamechelewa. Tulijaribu hivyo mpaka Waithera akachukua simu akaizima.

Baada ya hapo Jairus akaanza kuja Kitale tubishane ana kwa ana. Ni mjane, amestaafu ukarani, na alikuwa analetwa na kijana wake Hillary, ambaye alikuwa anakaa nje kwa heshima wakati sisi wazee tunabishana, na binti yangu Wakonyo akiwa amekuja nyumbani alikuwa anampelekea chai. Na mimi nilikuwa naenda Bokoli, na kila nikisema nataka kwenda, Wakonyo anasema atanipeleka kwa pikapu, hata akiwa amechoka, hata kukiwa na matope. Nilifurahi sana. Nilidhani mtoto ameanza kupenda muziki.

Mwaka huu Wakonyo akamwambia mama yake kwamba yeye na Hillary wanataka kuoana na watu wa Bokoli wanaomba kuja nyumbani. Shangazi, nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Mke wangu aliponiletea habari hiyo, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa binti yangu. Kilikuwa ile spika. Nilijiambia sasa imeingia kwenye ukoo.

Wiki ile ile Jairus akanipigia simu akiwa na furaha nyingi. Akasema kwa vile sasa tumekuwa watu wamoja, ugomvi wetu uishe. Akasema, na haya ni maneno yake kabisa, "Wewe sema tu mahari ya hizo spika, mimi nitareta yangu." Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, yeye hana shida, mahari nitakayosema mimi hiyo hiyo. Nikamshukuru nikakata simu nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe nikacheka peke yangu. Mtu ananiletea spika iwe mahari ya mtoto, na ni yeye mwenyewe amesema. Sikumwambia Waithera kwa sababu nilijua angeingiza maneno mengi. Nilihamisha tu kabati la vyombo likaenda chumbani, nikapima nafasi ya upande wa kushoto.

Siku ya wageni ikafika. Walikuja wamevaa vizuri, msemaji wao akiwa Mzee Wepukhulu, kaka mkubwa wa Jairus, mtu mpole asiyeinua sauti. Kwetu msemaji alikuwa kaka yangu Mbugua. Na kwenye buti ya gari nikaona kitu kirefu kimefungwa kwa blanketi, na mimi spika naijua hata ikiwa imevaa blanketi. Moyo wangu ukatulia kabisa.

Watu wakaomba, wakajulishana, Mzee Wepukhulu akaanza kueleza taratibu kwamba wametoka mbali kwa sababu wameona kitu kizuri katika boma hili. Mbugua alikuwa anajiandaa kujibu. Hapo mimi nikasimama, nikasema wazee wasijichoshe, mambo ya mahari mimi na Jairus tumeshayamaliza kwa simu, spika ndiyo mahari, na nashukuru kuona mmekuja nayo.

Mzee Wepukhulu akaniomba nirudie. Nikarudia. Mbugua akaangalia chini. Waithera alikuwa anamimina chai, akaiweka chupa mezani bila kufunga kifuniko. Jairus akasema yeye hakusema mahari, alisema mahari. Nikamwambia ndiyo, hata mimi nimesema mahari. Akasema si mahari ya kuoa, ni mahari ya kuweka. Nikamwambia ndiyo, naiweka pale, nimeshahamisha kabati. Tuliendelea hivyo, kila mtu anasema neno lile lile na wazee wanageuza vichwa huku na huku, mpaka Jairus akainuka kitini akapiga sakafu kwa mkono. "Hapa," akasema. "Mahari. Hapa kwako, ama kure kwangu. Spika zikae wapi ndiyo tusikirize pamoja."

Ndipo nikaelewa. Alikuwa anasema mahali. Alibeba spika yake kutoka Bokoli ili, wazee wakimaliza mazungumzo, tusikilize wimbo mmoja pamoja kama wakwe.

Wakonyo alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Alitoka akasimama mlangoni, hakulia wala hakupaza sauti. Aliniuliza, "Baba, umenibadilisha na spika?"

Shangazi, mpaka leo sijui ni nani aliyefungua mdomo wangu. Nilimjibu, "Si spika hivi hivi, Wakonyo. Ni ile ya kushoto."

Wageni waliondoka bila kula. Mbuzi mzima alibaki kwenye sufuria. Wakonyo alirudi anakofanyia kazi Webuye na hashiki simu yangu. Huko Bokoli nasikia Jairus anasumbuliwa na watu wake, wanadhani kweli alitaka kumwolea mtoto wake mke kwa sanduku kuukuu, na Mzee Wepukhulu hamsemeshi. Waithera hajanikasirikia kwa maneno. Ameweka chungu cha maua juu ya spika yangu na kila asubuhi anakimwagilia maji akiwa ananiangalia mimi.

Sasa Shangazi naomba unielekeze. Je, niiuze hii spika? Je, Jairus naye hana kosa, maana kama angetamka vizuri haya yote yasingetokea? Na mwisho, usinielewe vibaya, nauliza tu, je, tukishapatana, itakuwa vibaya nikimwomba ile ya kushoto kando, bila kuchanganya na mambo ya harusi?

Ni mimi ninayekonda,
Kimotho, Kitale.

*

Kimotho,

Nimekusikiliza hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa kaa chini, na kama Waithera yuko karibu mwite asome pamoja nawe.

Nianze na pole, kwa sababu naona kweli unaumia, na mtu anayekwangua gundi kwa wembe ili kitu kilichotupwa kiimbe tena si mtu mbaya. Pole yangu inaishia hapo.

Katika barua yako nimejua spika yako ililiwa na nini, ikagandishwa kwa kitu gani na ikavishwa pazia la nani. Nimejua hata jinsi sponji inavyobaki kidoleni. Binti yako anafanya kazi gani? Umeniambia anafanyia kazi Webuye, basi. Anaendesha pikapu, anapeleka chai. Ana miaka mingapi? Ni kifungua mimba au kitinda mimba? Alimpendea nini huyu Hillary? Barua nzima ni juu ya ndoa yake na mimi nimebaki kumjua kama dereva wako. Ukitaka kujua kwa nini hashiki simu, mwalike mtu mwingine aisome barua hii kisha akuambie inamhusu nani.

Kuhusu ulimi wa Jairus, mimi nimezaliwa Matulo, huko huko Bungoma. Nimekulia kwenye hizo mahali na mahari, nikaolewa nazo, na hakuna siku shangazi zangu walipeleka ng'ombe pasipotakiwa. Na nyinyi watu wa kwenu, kwani herufi hizo mbili mnazitenganisha vizuri kuliko sisi? Ningekushauri muandikiane badala ya kupigiana simu, lakini kwa jinsi ninavyowajua nyote wawili, hata hapo sina matumaini. Jairus alisema neno lake kama anavyolisema kila siku. Wewe ulilisikia kama ulivyotaka liwe, kwa sababu tangu siku mke wako alipokuletea habari ulikuwa unalingoja. Ungemwuliza swali moja la ziada, ungejua. Hukuuliza kwa sababu uliogopa kujua. Ndiyo maana ulienda kuchekea nyuma ya banda badala ya kumwambia Waithera. Mtu mwenye habari njema huwa anaziingiza ndani ya nyumba.

Na yule mzee, Kimotho. Alibeba spika yake katika blanketi, safari yote hiyo, ili akae na wewe msikilize wimbo. Umeliandika hilo kwa mstari mmoja ukapita. Mimi nimelisoma nikaweka barua chini.

Sasa fanya hivi. Nenda Webuye kwa Wakonyo, na uende wewe mwenyewe, uendeshe hiyo pikapu. Usitume mama yake, usitume Mbugua, usipige simu kumwandaa. Ukifika mwambie umekosa na umekuja kumwomba msamaha, halafu unyamaze. Usieleze. Wewe ukianza kueleza utafika kwenye upande wa kushoto, nakujua sasa. Akikuuliza kitu, jibu alichouliza. Asipokuuliza, kaa hapo hapo.

Ukitoka kwake, na hata kama hajakusamehe, chukua kaka yako muende Bokoli. Omba Mzee Wepukhulu awaite walewale waliokuja Kitale, na mbele yao useme kwamba Jairus hakuwahi kutoa spika iwe mahari, kwamba kosa ni lako peke yako. Mzee wa watu amepoteza heshima kwa watu wake kwa sababu yako na hawezi kuirudisha mwenyewe. Wakikubali kuja tena kwenu, Mbugua ndiye aongee. Wewe kazi yako siku hiyo ni kukaribisha watu na kuhakikisha wamekula.

Mnunulie Waithera pazia, zima, na kabati la vyombo lirudi mahali pake. Mahali, Kimotho.

Halafu spika. Usiiuze na usiichome, hiyo itakuwa kujifanya mfiadini. Mpelekee Jairus. Ulijua siku ile ile kwamba mtu amesema atarudi, Mama Kaushalya alikuambia kwa mdomo wake, na wewe ukafanya haraka kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha upande wake. Lakini usiipakie kwenye gari siku unayoenda kuomba msamaha, watadhani unalipa faini. Ngoja mambo ya watoto yaende vizuri au yavunjike, kisha ndipo umpelekee, ukiwa hutaki kitu. Ukitaka kusikiliza, utaenda kama mgeni, utabisha hodi.

Na swali lako la mwisho sijalisoma. Nimelikunja.

Shangazi Rispa

*

Wasomaji wengi waliuliza mambo ya Kitale yaliishia wapi. Kimotho ameandika tena, na nimemwachia nafasi hii iliyobaki.

Shangazi Rispa,

Nilienda Webuye nikiendesha mwenyewe. Wakonyo ni fundi wa meno bandia katika kliniki moja huko, kazi ambayo nilijua jina lake lakini sikuwahi kuiona kwa macho. Aliponiona mlangoni alidhani kuna mtu amefariki. Nikamwambia nimekosa, nimekuja kumwomba msamaha, halafu nikanyamaza kama ulivyosema, ingawa ilikuwa kazi ngumu. Akasema ana mzee anayengoja meno yake siku hiyo na hawezi kuacha, nikitaka nikae kwenye kile kiti cha ukutani.

Nikakaa. Alikuwa na jino dogo mkononi, analisugua kidogo, analiweka kwenye taya ya plasta, analitoa, anasugua tena, analiangalia kwenye mwanga wa dirisha, hata hajui kama kuna mtu chumbani. Shangazi, ile namna ya kuinamisha kichwa ni yangu. Ule ukimya ni wangu. Nimeishi na huyu mtoto na sikujua kwamba kuna mtu mwingine nyumbani mwenye mikono ya namna hiyo, nilikuwa nimempa mgongo nikikwangua gundi. Yule mzee alipoletewa meno yake aliyavaa akajaribu kusema jina la Wakonyo, na alipoweza, akalisema tena na tena, akicheka. Na Wakonyo naye akacheka. Mimi nilitoka nje kwanza.

Jioni aliniuliza kama nimekula. Sikumwambia lolote lingine, nikamwambia bado.

Bokoli tulienda na Mbugua. Mzee Wepukhulu alinisikiliza, kisha akasema kuna wazee wawili wamechelewa, nirudie watakapofika. Nikarudia. Jairus alikuwa ameketi pembeni hata haniangalii, lakini nilipomaliza alivuta kiti chake kikawa karibu na changu. Walikuja tena Kitale, Mbugua akaongea, mimi nikagawa nyama, na mpaka leo sijui vizuri mahari ni nini kwa sababu sikuuliza na Waithera hajaniambia.

Jumamosi iliyopita tulienda sisi kwao kupanga harusi, na nikampelekea Jairus ile ya kulia. Alitaka kukataa, nikamwambia alisema atarudi. Tuliziweka barazani kwake, hii huku, ile kule, tukaketi katikati, akaweka ile santuri yetu. Mwimbaji akaanza, na magitaa yakamjibu hapo hapo bila kuchelewa, na nyuma yao, katikati kabisa ambapo hakuna spika, kukatokea mtu anayepiga makofi polepole. Kwenye spika moja alikuwa anafunikwa, mimi sikuwa nimewahi kumsikia. Jairus naye hakuwa amewahi kumsikia. Hatukuangaliana. Akainuka akaurudisha wimbo mwanzo akaongeza sauti, na alipoketi alinishika goti kama mtu aliyeona mgeni anaingia.

Wakonyo akatoka ndani akasimama mlangoni. Akasema wazee wanapanga siku ya harusi na hawasikilizani.

Niliinuka nikapunguza sauti.